Stara ya Mwanamume Michezoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mazungumzo ya stara katika Uislamu yameelekezwa kwa wanawake kiasi kwamba kijana anaweza kucheza mpira miaka mingi bila hata mtu mmoja kumuuliza bukta yake inaishia wapi. Majibu yaliyo hapa chini yanawahusu wanaume, nayo yanafuata kauli za madhehebu manne yanayojulikana, yaani Hanafi, Maliki, Shafi na Hanbali. Pale wanazuoni walipotofautiana, tofauti hiyo imeelezwa badala ya kufichwa.

Je, ni kweli kwamba mwanamume naye ana mipaka ya mavazi anapocheza?

Ndiyo. Katika Sura An-Nur, amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu inaanza kwa wanaume katika aya ya 30, kisha inawaendea wanawake katika aya ya 31, na wengi wetu tumezoea kuisoma aya ya pili tu. Michezo yenyewe haina lawama. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha, akashindwa mara ya kwanza na kushinda ya pili, aliandaa mashindano ya farasi, na alipowapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale aliwahimiza warushe, akiwakumbusha kwamba baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale. Hata hivyo, hakuna andiko linalosema kwamba hukumu ya kusitiri uchi husimama filimbi inapopulizwa. Kinachoruhusiwa kuonekana nje ya uwanja ndicho kinachoruhusiwa ndani yake, na kilichokatazwa nje kinabaki kukatazwa hadi ipatikane dharura ya kweli.

Uchi wa mwanamume ni upi hasa?

Kauli ya wanazuoni walio wengi ni kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Maelezo ya ndani yanatofautiana kidogo. Katika madhehebu ya Shafi, kitovu na magoti venyewe si uchi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, lakini ni lazima kusitiri sehemu ya kila kimoja, kwa kuwa huwezi kuwa na yakini kwamba umefunika kilicho baina yake bila kufika kwenye mpaka. Hanafi wanasema goti ni sehemu ya uchi na kitovu si sehemu yake. Hanbali wako karibu na Shafi, ingawa imepokewa kwa Imamu Ahmad kauli nyingine kwamba uchi ni tupu mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Maliki wanagawa uchi kuwa mzito na mwepesi, na paja kwao limo katika daraja nyepesi zaidi, hata kulifichua ndani ya Sala hakuibatilishi. Ibn Hazm wa madhehebu ya Dhahiri alikuwa wazi zaidi: kwake paja si uchi kabisa.

Kwa hiyo hakuna mwanazuoni aliyeruhusu kufichua tupu mbili, na hakuna aliyesema kwamba muundi, mkono au bega la mwanamume ni uchi. Mjadala wote wa mavazi ya michezo unahusu mapaja.

Kwa nini wanazuoni wametofautiana kuhusu paja?

Kwa sababu hadithi zilizopokewa zinaelekea pande mbili, na kila upande una hoja nzito.

Upande wa kwanza kuna hadithi ya Sahaba Jarhad, ambaye Mtume (S.A.W.) alipita karibu naye paja lake likiwa wazi, akamwambia alifunike kwa kuwa paja ni uchi. Imepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, na inatiliwa nguvu na mapokezi ya Ibn Abbas na ya Muhammad bin Jahsh yenye maana hiyohiyo. Wataalamu wa hadithi wamezungumzia udhaifu katika isnadi zake, yaani minyororo ya wapokezi wake, lakini wengi wameona kwamba zikikusanywa pamoja zinasaidiana hadi zinafaa kuwa hoja.

Upande wa pili kuna hadithi ya Anas kuhusu siku ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, alipokuwa amepanda mnyama nyuma ya Abu Talha katika njia nyembamba, nguo ya Mtume ikaondoka kwenye paja lake hata Anas akauona weupe wake. Kuna pia hadithi ya Bi Aisha katika Sahihi Muslim: Mtume alikuwa amelala nyumbani mapaja au miundi yake ikiwa wazi, Abu Bakr akaingia, kisha Umar, naye akabaki katika hali hiyo; alipoomba ruhusa Uthman, alikaa na kuzitengeneza nguo zake, akasema kwamba atakosaje kumwonea haya mtu ambaye malaika wanamwonea haya.

Wanaosema paja ni uchi wanajibu kwamba katika tamko la Muslim kuhusu Khaybar nguo ilifunuka yenyewe, jambo linaloweza kumtokea yeyote aliye juu ya mnyama anayekwenda mbio, na kwamba mpokezi wa hadithi ya Bi Aisha alikuwa na shaka kati ya mapaja na miundi, kama alivyoeleza Imamu Nawawi. Wanaongeza kanuni ya usuli, yaani misingi ya kutoa hukumu, kwamba kauli hutangulizwa mbele ya tendo, kwa sababu tendo linaweza kuwa na sababu yake maalumu.

Imamu Bukhari alizipima pande zote mbili kwa sentensi moja ambayo naona haijapitwa: hadithi ya Anas ina isnadi yenye nguvu zaidi, na hadithi ya Jarhad ina tahadhari zaidi, ili tutoke katika hitilafu yao, yaani tofauti yao ya kauli.

Mchezaji wa leo ashike kauli ipi?

Asiyekuwa mwanazuoni hufuata madhehebu yake au fatwa ya mtu anayeiamini elimu na dini yake. Kwa mtazamo wangu, suala la paja michezoni ni miongoni mwa masuala ambayo tahadhari haigharimu chochote: sentimita chache za kitambaa zinamtoa mtu katika hitilafu ya karne nyingi. Hata hivyo, haifai kumwita fasiki mchezaji anayefuata kauli ya Maliki au kauli ya pili iliyopokewa kwa Imamu Ahmad, kwa kuwa mambo yenye hitilafu inayozingatiwa hayakemewi kama yanavyokemewa mambo ya haramu iliyoafikiwa. Anayenasihiwa anasihiwe kwa upole, tena si katikati ya mechi.

Bukta za timu yetu zinaishia katikati ya paja. Naweza kuvaa taiti chini yake?

Unaweza, na hili ndilo suluhisho linalotumiwa na wachezaji wengi. Katika soka, Kanuni ya 4 ya sheria za mchezo inaruhusu taiti au kaptura ya ndani kwa sharti la rangi: iwe rangi kuu ya bukta au rangi ya upindo wake wa chini, na wachezaji wote wa timu moja wanaozivaa wavae rangi moja. Kipa ana nafasi zaidi, kwani anaruhusiwa kuvaa suruali ndefu ya mazoezi. Kwa hiyo mchezaji anayeambiwa na kocha kwamba sheria zinakataza taiti aombe kuonyeshwa sheria hiyo. Mara nyingi tatizo huwa ni rangi, na rangi hurekebishika kabla ya mechi.

Angalia urefu wake ukiwa katika mwendo. Taiti inayofika juu kidogo ya goti ukisimama mbele ya kioo huwa inapanda ukipiga hatua ndefu au ukichuchumaa kufunga kamba za viatu. Inayovuka goti kwa vidole viwili au vitatu hubaki mahali pake.

Basi taiti peke yake inatosha?

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Sharti la msingi la nguo ya kusitiri ni kwamba isionyeshe rangi ya ngozi. Nguo nene inayobana imetimiza sharti hilo, na kwa mujibu wa Shafi Sala ndani yake inasihi. Lakini nguo inayochora umbo la tupu ni makruhu, yaani inachukiza bila kufikia haramu, kuvaliwa mbele ya watu kwa kauli ya wanazuoni wengi, na kiasili mtu mwenye haya hapendi kusimama hivyo mbele ya wazazi wake. Mkimbiaji au mwendesha baiskeli avae bukta pana juu ya taiti, naye hatapungukiwa na kasi yoyote katika mazoezi ya kawaida.

Jihadhari pia na kitambaa cheupe au chepesi. Bukta nyeupe inayosetiri vizuri ikiwa kavu inaweza kuonyesha rangi ya ngozi ikilowa jasho au mvua, na ikifikia hapo hukumu yake ni hukumu ya nguo inayoonyesha.

Kuogelea je?

Kuogelea kunafaa, na mpaka ni uleule wa kitovu na magoti. Shirikisho la kimataifa la kuogelea lilipobadilisha kanuni zake kuanzia Januari 1, 2010, liliamua kwamba vazi la wanaume katika mashindano ya bwawani lisipande juu ya kitovu wala lisishuke chini ya goti. Msomaji wa fiqhi hawezi kuisoma kanuni hiyo bila kutabasamu, kwa maana walioiandika walikuwa wakipima kasi ya kitambaa majini, na wakaishia kuchora karibu mpaka uleule wa Shafi na Hanbali. Vazi hilo kwa kweli hubana, kwa hiyo muogeleaji ajifunge taulo au ajitupie joho mara atokapo majini. Anayefuata Hanafi atabaki na suala la goti, kwani kanuni haimruhusu kulivuka.

Kwa asiyeshindana jambo ni jepesi zaidi. Avae kaptura nene ya kuogelea yenye kamba kiunoni, ivuke magoti, na ndani yake avae nguo nyingine iliyoshika mwili. Kaptura pana hujaa hewa na kuelea mtu anaporuka majini, na bila kitu ndani yake sitara yote huwa imepanda tumboni kwa sekunde kadhaa.

Inafaa kucheza kifua wazi?

Kifua na mgongo juu ya kitovu si uchi kwa mwanamume, hivyo hakuna haramu hapo. Kinachobaki ni adabu ya mahali na ya walio mbele yako. Chunga tu kwamba asiye na shati huwa hana kinachofunika ukanda wa bukta unaposhuka chini ya kitovu, na ukanda wa bukta hushuka.

Naweza kusali nikiwa na jezi na bukta baada ya mechi?

Ikiwa bukta inafunika kuanzia kitovu hadi magoti katika mikao yote ya Sala, unaweza. Maneno "katika mikao yote" ndiyo yenye kazi. Mtazame kwa nyuma mchezaji anayesali na jezi fupi: akiwa amesimama yuko sawa, akirukuu jezi inapanda, akisujudu ukanda wa bukta unateremka, na sehemu ya chini ya mgongo iliyo mkabala na kitovu kwenda chini inakuwa wazi, naye hana habari kwa sababu macho yake yako ardhini. Kwa Shafi, sehemu hiyo ni uchi, na kuiacha wazi bila kuifunika papo hapo kunabatilisha Sala. Hanafi wana kipimo kingine: Sala hubatilika ikifichuka robo ya kiungo kwa muda wa kutimiza nguzo moja. Maliki ni wepesi zaidi kuhusu mapaja, lakini si kuhusu tupu na makalio.

Shafi wanataka sitara iwe juu na pembeni, wala hawatazami kinachoweza kuonekana kwa chini. Kwa sababu hiyo shuka au kikoi kilichofungwa juu ya kitovu na kufika chini ya magoti kinatosha hata kama hakina kitu ndani yake. Shuka moja nyepesi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa viatu huondoa tatizo lote, na naiona ni muhimu kuliko jozi ya pili ya soksi.

Kuhusu mabega, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu asisali katika nguo moja bila ya kuwa na kitu mabegani. Hanbali wamelichukulia katazo hilo kuwa la wajibu katika Sala za faradhi, na wengine wakaliona ni la kupendezesha. Fanila ya mpira wa kikapu isiyo na mikono ina kitambaa mabegani, hivyo inafaa. Jasho ni twahara na haliharibu kitu, ingawa anayesimama pembeni yako safuni ana haki zake.

Jezi yangu ina nembo, picha au tangazo. Kuna ubaya?

Inategemea kilichochorwa. Tangazo la pombe au kamari halifai kubebwa kifuani na Mwislamu, kwa kuwa ni kuitangaza haramu. Msalaba uondolewe au ufunikwe, Bi Aisha alisimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akiacha nyumbani kitu chenye misalaba ila alikiharibu. Picha ya mnyama au mtu ina maelezo marefu na hitilafu, na kwa uchache ni makruhu kusali nayo. Jezi yenye maandishi mengi mgongoni ina tatizo jingine dogo, nalo ni kuwashughulisha waliosimama nyuma: Mtume aliwahi kusali na nguo yenye mapambo, alipomaliza akaagiza apelekewe Abu Jahm na aletewe nguo isiyo na mapambo, kwa sababu ile ilimshughulisha katika Sala.

Mkufu au pete ya dhahabu?

Dhahabu na hariri halisi ni haramu kwa wanaume, uwanjani na kwingineko. Sheria za soka nazo zinakataza mapambo yote ya mwilini, hata yakifunikwa kwa plasta. Hariri ina ruhusa ya haja: Mtume aliwaruhusu Abdurrahman bin Awf na Zubayr waivae kwa sababu ya mwasho. Jezi za poliesta hazihusiki hapa, hata zikimeremeta vipi.

Vipi kuhusu chumba cha kubadilishia nguo na mabafu ya pamoja?

Ukiniuliza mahali ambapo stara ya wanaume inavunjwa zaidi, sitataja uwanja. Nitataja chumba hiki. Uwanjani hitilafu ni ya paja. Humu watu huvua kila kitu na kusimama wakipiga soga, na hapo hakuna madhehebu yoyote ya kujificha nyuma yake. Katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kuangalia uchi wa mwanamume mwenzake. Alipoulizwa na Sahaba aliyekuwa babu wa mpokezi Bahz bin Hakim kuhusu uchi, alimwambia auhifadhi isipokuwa kwa mkewe au kilichomilikiwa na mkono wake wa kulia, yaani mjakazi wake. Alipoulizwa juu ya wanaume wakiwa pamoja, akasema ukiweza asiuone yeyote basi asiuone. Na alipoulizwa juu ya mtu akiwa peke yake, akasema Mwenyezi Mungu anastahiki zaidi kuonewa haya. Imepokewa pia kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asiingie hamamu ya umma bila shuka. Hoja ya kwamba "sote ni wanaume" imejibiwa zamani.

Kivitendo, funga taulo au shuka kiunoni kwanza, kisha vua bukta kwa ndani, vaa nyingine, ndipo ufungue taulo. Ukijizoesha, kazi hii haichukui hata nusu dakika. Kwenye bafu lisilo na pazia, oga na kaptura yako. Kama wengine hawajali, macho yako ndiyo unayoyamiliki, basi yageuze kwenye kabati lako. Anayesimamia timu anaweza kufanya jema kubwa kwa kuomba mapazia tu, na wasio Waislamu wengi watamshukuru kimoyomoyo.

Mieleka, ndondi na kutunisha misuli?

Judo na taekwondo zina suruali ndefu, hivyo hazina tatizo. Vazi la mieleka la kipande kimoja hubana na kufichua mapaja, na anayelivaa anahitaji kitu zaidi kama kanuni za shindano zinaruhusu. Bondia achague bukta ndefu na pana, na achunge kupiga usoni, ambako kumekatazwa katika hadithi sahihi. Lakini hilo ni suala jingine. Mashindano ya kutunisha misuli ambayo mshiriki hupanda jukwaani na kichupi ili akaguliwe mapaja na makalio hayafai. Mazoezi yake ndani ya mavazi ya stara yanafaa.

Watoto waanze lini?

Mtoto huamrishwa Sala akiwa na miaka 7, na tangu hapo Sala yake inahitaji sitara kama ya mtu mzima. Ni busara bukta yake ya mpira ibadilishwe katika umri huohuo, kabla hajazoea.

Nimeumia nyuma ya paja na tabibu anataka kunikanda. Na vipimo vya dawa zilizokatazwa?

Tiba ni haja inayoruhusu kufichua kinachohitajika, kwa kanuni kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Tabibu awe mwanamume akipatikana, na taulo lifunguliwe pale penye jeraha tu. Kukandwa kwa starehe bila maumivu hakuingii humo.

Vipimo ni vigumu zaidi, kwa kuwa kanuni hutaka mkojo utolewe mbele ya shahidi wa jinsia moja na mwanamichezo anayeona moja kwa moja. Mafakihi wameruhusu kutazama uchi kwa haja kama tiba na ushahidi, lakini kuingiza mashindano katika mlango huo si jambo la wazi. Anayetaka kucheza kwa kulipwa amuulize mwanazuoni kabla ya kutia saini mkataba, kwa sababu baada ya hapo kukataa kipimo huhesabiwa kuwa kosa.

Kutazama mechi ambayo wachezaji wana mapaja wazi?

Hukumu inafuata hitilafu ileile. Kwa anayeona paja ni uchi, haifai kulikazia macho kwa makusudi hata bila matamanio. Mtazamo wa ghafla hauna dhambi, kwani Sahaba Jarir alipomuuliza Mtume juu yake aliamrishwa ageuze macho tu.

Nimesali miaka mingi na bukta fupi. Nifanye nini?

Kucheza hakuna kadha, yaani hakuna cha kulipa. Ni kuacha na kuomba msamaha. Kuhusu Sala, kwa Shafi anayebainikiwa kwamba uchi wake ulikuwa wazi anatakiwa kuirudia, hata kama hakujua. Ibn Taymiyya alikuwa na rai kwamba asiyefikiwa na hukumu halipi yaliyopita, na kwa Maliki paja pekee halirudishi Sala. Anayechagua kulipa akadirie ni Sala ngapi alizisali uwanjani kwa wiki na kwa misimu mingapi, achukue idadi inayomtuliza moyo, kisha alipe moja baada ya kila faradhi hadi zimalizike.